Uso Si Utambulisho

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Mashindano ya Farasi ya Skelderdale inautangazia umma kwamba tatizo la watu kufahamiana limepatiwa ufumbuzi.

Tatizo lenyewe lilijitokeza mwaka jana. Mabinamu wawili, wote wembamba, wote wamevaa koti la bluu iliyoiva na kofia ngumu nyeusi, walisimama mbele ya mgeni rasmi wakati wa kutoa kombe. Mmoja alikuwa wa kwanza, mwingine wa sita. Mgeni rasmi akampa wa sita. Yule wa sita, kwa kuwa amelelewa vizuri, alishukuru akaenda nalo nyumbani. Yule wa kwanza, kwa kuwa naye amelelewa vizuri, alipiga makofi. Sisi wengine tuliokuwa pale tuliliona kosa, tukatazama mawingu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwaibisha mgeni. Habari zilifika kwenye Kamati baada ya Krismasi, mama wa yule wa sita alipochoka kulifuta vumbi kombe lisilo lake.

Mwenyekiti wetu, Kanali Peregrine Stallybrass, ni mtu wa kuchukua hatua. Aliunda Kamati Ndogo ya Mavazi na Utambulisho wa Washindani. Ikakaa majira yote ya baridi katika ukumbi wa kanisa, ikanywa chai ya kutosha kuendesha kinu, na mwishowe ikagundua chanzo cha matatizo yote. Chanzo ni nyuso.

"Nyuso zinafanana," alisema Kanali. "Zinazeeka. Zinapakaa matope. Namba haizeeki."

Kwa hiyo ikapitishwa kwamba uso si utambulisho. Mshindani ni namba yake, iliyovaliwa kifuani na mgongoni juu ya kizibao, wakati wote awapo juu ya farasi. Asiye na namba hayupo, na asiyekuwepo hawezi kuonekana na mtumishi yeyote wa mashindano. Vilevile mavazi ndiyo yatakayoonyesha cheo. Mpanda farasi atavaa kama mpanda farasi, yaani kofia yenye alama ya ukaguzi, kitambaa cheupe shingoni, na kadi ya afya mkono wa kulia. Mjumbe atavaa kama mjumbe, na beji ya karatasi ngumu itaning'inia kwenye kifungo cha koti. Kanali mwenyewe alisisitiza kwamba hapatakuwa na upendeleo. "Hata mimi," alisema, akacheka, nasi tukacheka, maana tulidhani ni mzaha.

Na kwa kuwa haki haiwezi kusubiri, uamuzi wowote wa Mwenyekiti utahesabiwa kuwa umeanza kutumika tangu alfajiri ya siku alipoutoa.

Mimi nikateuliwa Msimamizi wa Mavazi na Utambulisho. Nimezaliwa Skelderdale, nimeolewa hapa na nimefiwa hapa. Marehemu mume wangu aliwapigia viatu vya chuma farasi wote wa bonde hili, na hakuna mtu wa bonde hili nisiyemjua. Kanali alieleza kwamba ndiyo sababu ya kunichagua. Ikiwa Hester Oldroyd anaweza kufundishwa kutomjua mtu, alisema, basi yeyote anaweza. Niliiombea kazi hiyo kama ninavyoombea kazi zote. Mchungaji wetu hufundisha kwamba Mungu humjua kila mmoja kwa jina. Kamati haikulipinga jambo hilo. Ilisema tu kwamba Mungu hajawahi kusimamia mashindano ya wapanda farasi tisini kwenye matope.

Siku yenyewe ilianza kwa manyunyu na upepo, yaani hali nzuri ya hewa. Nilikaa mezani kwangu penye lango la mazoezi, penseli mkononi. Namba kumi na moja nilimrudisha kwa sababu ya glavu za rangi ya kahawia inayoelekea manjano. Mapacha wa Braithwaite walipita pamoja wakisema hii ndiyo kanuni bora kuwahi kutungwa, kwa mara ya kwanza mtu amewatofautisha. Halafu akaja msichana juu ya farasi jike mzee wa rangi ya kunde.

"Habari za asubuhi, Bi Hester."

"Namba?"

"Bi Hester, ni mimi Nell. Jana jioni nimekuletea supu."

"Supu ilikuwa nzuri. Chumvi ilizidi kidogo. Namba?"

Akanigeuzia kifua, kisha mgongo. Arobaini na saba.

Nell Garside ni mtunza farasi katika mabanda ya Kanali. Farasi aliyempanda, Juniper, ni mali ya Kanali, lakini tangu Kanali aache kumpanda ni Nell anayemlisha, anayemsugua na anayelala naye bandani akipata tumbo. Sasa binti wa Kanali, Cressida, alihitaji nafasi ya farasi mpya bandani. Ijumaa Kanali alisimama mbele ya wapanda wote akatamka: Nell akimaliza mashindano haya bila kosa, Juniper atabaki bandani mpaka siku yake ya kufa. Asipomaliza, lori la mnunuzi litamchukua Jumatatu. Ilionekana kuwa ahadi ya kiungwana. Mnunuzi alijulikana kwa kununua farasi wazee, na hakuna aliyewahi kukutana tena na farasi aliowanunua.

"Na hiki ni nini?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Kanali alikuwa amefika, na mbwa wake Bosun akimfuata. Alikuwa anamnyooshea Nell kidole ubavuni.

"Kamba ya kizibao imekatika upande mmoja, bwana. Nimeibana na pini."

"Pini ina ua."

"Ilikuwa ya bibi yangu."

"Kanuni inasema pini tupu, isiyo na pambo. Leo ua, kesho bustani. Bi Oldroyd, itoe."

"Kizibao hakitashika, bwana," Nell akasema. "Huku upepo, huku mbio."

"Funga fundo."

Nikaitoa pini, nikaitia mfukoni mwa aproni. Nell akafunga fundo. Nililiona lile fundo. Lakini mafundo hayakuwa chini ya idara yangu.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Kwenye mwendo wa madaha Juniper alitembea kama mke wa askofu, na kwenye viunzi vya uwanjani hakugusa hata mti mmoja. Ilibaki sehemu ya tatu, mbio za mashambani, ambako farasi huruka kuta za mawe, mitaro na maji, na kwenye kila kiunzi huketi mwamuzi ndani ya gari lake na simu ya upepo, mbwa, na mikate ya mayai. Matokeo yote yaliletwa kwa simu kwenye meza yetu. Kwa wakati huo aliyeongoza alikuwa namba kumi na mbili, ambaye sikuruhusiwa kujua kwamba ni Cressida Stallybrass. Namba arobaini na saba alikuwa anamfuata kwa karibu sana. Kanali alisimama kando yangu akisikiliza.

Kiunzi cha tisa ni ukuta wa mawe juu ya kilima, chini ya uangalizi wa Cuthbert Pickersgill na mkewe Dorcas, ambao Nell huwapelekea mayai kila Jumamosi.

"Kituo, hapa ni cha tisa," ikasema simu. "Nell Garside amepita safi kabisa."

Kanali akainyakua simu. "Cha tisa, hakuna mtu wa jina hilo. Namba?"

"Hana namba, Kanali. Kizibao kimepeperuka. Kiko kwenye miiba pale, kondoo wanakitazama."

"Basi aliyepita ni nani?"

Tulisikia kifuniko cha chupa ya chai kikizungushwa.

"Hakuna aliyepita, Kanali," Cuthbert akasema. "Lakini amepita vizuri sana."

"Ametupungia mkono," Dorcas akaongeza kwa mbali.

"Nanyi mkafanya nini?"

"Tukampungia. Si ni Nell."

"Mmempungia mtu asiyekuwepo."

"Ndiyo, Kanali. Tunaomba radhi."

Taarifa ziliendelea kuja kwa mpangilio mzuri. Kiunzi cha kumi hakikumwona mtu yeyote akiruka gogo. Cha kumi na tatu kiliripoti kwamba hakuna aliyevuka mtaro, na kwamba kama angekuwepo, angestahili sifa. Mwamuzi wa kiunzi cha maji alisema amelowa kwa maji yaliyorushwa na hakuna mtu, akaomba taulo.

Kanali alikwenda kwenye kipaza sauti. Akatangaza kwamba namba arobaini na saba hakumaliza, kwa sababu kuanzia kiunzi cha tisa hakuwepo. Jaji Mkuu, Bi Fenella Urquhart, mwanamke wa Uskoti mwenye sauti ya kufungua mikebe, alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Peregrine, huyo mtoto nimemwona mwenyewe akivuka mstari."

"Umeona uso, Fenella. Uso si utambulisho. Uamuzi wa Mwenyekiti, tangu alfajiri."

"Sawa. Na mimi kanuni zako zinanifunga. Mwenyekiti akiamua, naandika." Akaandika. Aliandika kwa nguvu mpaka penseli ikavunjika, akaomba yangu.

Nell alikuja akimvuta Juniper kwa hatamu. Mvuke ulikuwa unamtoka farasi kama sufuria.

"Bi Hester, umenisikia nikifika?"

"Nimesikia kwato."

"Waambie basi. Unanijua tangu nimebatizwa. Wewe ndiye uliyenishika."

"Binti yangu, kutoka cha tisa huna namba."

"Kila Jumapili unapiga magoti kwa Mungu ambaye hujamwona hata siku moja. Mimi nimesimama hapa nanuka jasho, na hunioni."

Nilikubali kwamba hoja ilikuwa nzuri, nikamshauri aiwasilishe kwa maandishi. Akaondoka. Niliona anafuta uso kwenye shingo ya farasi, jambo ambalo nalo halikuwa chini ya idara yangu. Nikatia mkono mfukoni nikaikuta ile pini, ikanichoma kidole.

Ilikuwa imebaki sherehe. Kabla yake Kanali alikwenda kwenye kiunzi cha maji kupigwa picha na mwandishi wa gazeti la mkoa, kijana mgeni kutoka Leeds. Waliokuwepo wanasema kijana alikuwa na adabu sana. Alisema, "Rudi nyuma kidogo, Kanali." Halafu akasema, "Kidogo tena."

Hakuumia. Maji yalikuwa ya kiunoni na matope yalikuwa laini. Lakini upepo ulikuwa mkali, koti lake la sufu lilikuwa limebeba nusu ya bwawa, na beji yake ya karatasi ngumu ilikuwa imegeuka uji. Nguo kavu iliyopatikana karibu ni koti la akiba la Darren Clegg, anayeuza baga garini mwake kando ya bwawa. Ni koti jeupe, refu hadi magotini, lenye mafuta ya miaka, na mgongoni pana picha ya ng'ombe anayecheka. Kanali alilivaa akalifunga vifungo vyote, akapanda kilima kuelekea hema la wageni wa heshima.

Safari hiyo ilimchukua muda kuliko alivyotarajia, kwa sababu watu walimsimamisha.

"Mbili, kaka. Moja isiwe na vitunguu."

"Mimi ni Mwenyekiti wa mashindano haya."

"Sawa, Mwenyekiti. Mbili."

Mlangoni mwa hema nilikuwa nimesimama mimi, kwa mujibu wa majukumu yangu. Bosun ndiye aliyefika kwanza. Shingoni alikuwa na kibati cha shaba chenye jina, ukoo na namba ya simu ya nyumbani. Nikampisha. Halafu akaja mtu mwenye koti la ng'ombe.

"Nipishe, Hester. Wananisubiri."

"Beji, bwana?"

"Imeyeyuka."

"Namba?"

"Hester Oldroyd, mumeo amewapigia viatu farasi wangu miaka ishirini. Krismasi nakuletea bata mzinga."

"Bata mzinga alikuwa mnono, bwana, na Mungu akubariki. Lakini nimefundishwa, na nimefundishika. Wauza baga wanapita nyuma."

"Umemruhusu mbwa wangu."

"Mbwa ana utambulisho kamili."

Bosun alirudi akaanza kumlamba mikono, labda kwa mapenzi, labda kwa yale mafuta. Ndani ya hema watu waliacha kula. Bi Urquhart akaja mlangoni na kikombe chake.

"Mbwa anamtambua," akasema, "ila mbwa si mjumbe. Kuna nini, Hester?"

"Mtu huyu anadai anajulikana kwa uso."

Bi Urquhart alimzunguka polepole akamsoma ng'ombe mgongoni. Kisha akasema, kwa sauti ile yake, hema zima likasikia: "Haya, tuliweke sawa. Nikikubali kwamba huyu ni Mwenyekiti kwa sababu namjua sura, basi sura inatosha. Ikiwa inatosha kwake, ilitosha na kwa Nell Garside, aliyeonwa na kila mwamuzi kuanzia cha tisa mpaka mstari. Atakuwa amemaliza bila kosa. Kumi na mbili alipitisha muda mashambani, kwa hiyo kombe ni la Nell. Nikikataa, huyu ni muuza baga na vitunguu vyake vinaungua huko chini. Mimi yote mawili nayaweza."

Kanali aliangalia ndani ya hema, kwenye meza ya mbele, alikoketi binti yake karibu na kombe.

"Cressida," akasema. "Mwambie huyu mama mimi ni nani."

Cressida Stallybrass aliinuka. Ana akili yule binti, na alikuwa amesikiliza vizuri. Alimtazama mtu wa mlangoni kuanzia buti za mpira mpaka kola.

"Samahani," akasema. "Baba yangu huvaa koti la sufu."

"Cressy."

"Na baba yangu ndiye aliyenifundisha kwamba uso si utambulisho."

Akaketi. Nilitega sikio nisikie kama jogoo atawika, kama ilivyoandikwa katika Injili. Shamba la jirani wanafuga bata tu.

Sijui kilichompitia Kanali kichwani wakati huo. Alisimama pale na miguu mitupu ikionekana kati ya koti na buti, nywele zimemganda. Nyuma yake watu wawili walikuwa tayari wamepanga foleni. Huko bondeni Nell alikuwa anamtia Juniper blanketi, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika Jumatatu.

"Mimi ni Peregrine Stallybrass," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa ndogo. "Na yule alikuwa Nell Garside. Nilikuwa mezani alipovuka mstari. Nilimwona kwa macho yangu. Anayejulikana, anajulikana. Namba ni karatasi."

"Unasema hivyo kama Mwenyekiti?"

"Kama Mwenyekiti."

"Inaanza lini?"

"Tangu alfajiri," akasema, kwa mazoea.

Bi Urquhart alichukua simu ya upepo akaiweka mbele ya kipaza sauti. "Cha tisa, nani alipita kwenu bila namba?"

"Tunaruhusiwa kusema?" akauliza Cuthbert.

"Mnaruhusiwa."

"Nell. Binti wa Garside. Na tulimpungia, na hatuombi tena radhi."

Baada yake zikafuata sauti nyingine zote, cha kumi, cha kumi na tatu, hata yule wa taulo, wote wakisema jina moja juu ya malisho ya Skelderdale mpaka Juniper akainua masikio.

Ahadi ilikuwa imetolewa mbele za watu, na Kanali, nimtendee haki, hakuigusa. Lori lilikuja Jumatatu likageuza uani likarudi tupu. Kombe alilitoa mwenyewe, akiwa amevaa koti lile, kwa kuwa hapakuwa na koti jingine. Nell alipopita mlangoni nilimrudishia pini. Aliichomeka kwenye kitambaa cha shingoni, ua likiangalia nje, akanitazama kama anayengoja kitu.

"Karibu, Nell," nikamwambia.

"Asante, Bi Hester," akasema. Hakutabasamu. Supu hakuniletea tena mpaka Agosti.

Kijana wa gazeti, ambaye hakumjua mtu yeyote na alikuwa amesoma kanuni zetu zote, alitoa picha ukurasa wa kwanza. Chini yake aliandika: Muuza baga akabidhi kombe kwa mshindi.

Mwezi uliofuata Kanali aliitisha kikao katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa na koti jipya la sufu. Akagonga meza, akatoa hoja kwamba kanuni ya utambulisho irudishwe, ikiwa na marekebisho machache yatakayowahusu wenyeviti, akauliza nani anaunga mkono.

Cuthbert Pickersgill aliinua mkono kwa adabu. "Kabla ya kuunga mkono, hoja imetolewa na nani?"

"Na mimi."

"Namba?" akasema Dorcas.

Kanali alitutazama mmoja baada ya mwingine, nasi sote, kwa kuwa tumelelewa vizuri, tukatazama dari.